Zawadi ndani ya bahasha au zawadi baada ya oda? Ulinganisho kwa anayewaandikia wenye maduka wa Nyanda za Juu Kusini

Mfanyabiashara wa jumla wa Mbeya mjini, awe wa pembejeo Uyole au wa vipuri Mwanjelwa, wateja wake wakubwa haonani nao mara kwa mara. Wako Vwawa, Chimala, Igurusi, Tukuyu, Makambako, Mafinga. Wanaagiza kwa simu, na kwenye simu hiyo hiyo wanapigiwa na washindani wake. Ndiyo maana barua iliyoandikwa vizuri, ikaja na kitu cha kushika mkononi, bado ina kazi huku kwetu: inabaki dukani siku ambayo wewe haupo.

Lakini fedha nyingi zinapotea kwenye vikombe na fulana ambazo hakuna aliyejiuliza zitaishia wapi. Ulinganisho huu ni kwa mtu anayetaka kuwaandikia wenye maduka kati ya Iringa na Tunduma, na bajeti yake si ya benki wala ya kampuni ya simu. Mifano yangu mingi ni ya maduka ya pembejeo, kwa kuwa ndiyo biashara inayobeba ukanda huu. Wa vipuri, vifaa vya ujenzi au vya shule atabadilisha bidhaa tu. Hesabu ni ile ile.

Ya mkononi na ya ahadi

Kabla ya kuchagua kati ya kalamu na kalenda, kuna uamuzi mkubwa zaidi. Je, zawadi iingie ndani ya bahasha pamoja na barua, kila mtu aipate? Au barua iseme kwamba atakayetoa oda ndiye atakayepewa?

Zawadi ya mkononi inampa mtu kitu kabla hajakupa chochote, na binadamu aliyepewa huona uzito fulani kunyamaza bila kujibu. Mwaka 2007 mchumi Armin Falk alichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Uswisi kwa barua takriban 10,000 za kuomba michango kwa ajili ya watoto wa Dhaka, Bangladesh. Theluthi moja ya barua hazikuwa na zawadi, theluthi nyingine zilikuwa na kadi moja ya posta, na zilizobaki kadi nne. Ikilinganishwa na wasiopewa kitu, idadi ya waliochangia iliongezeka kwa asilimia 17 kwa waliopata kadi moja, na kwa asilimia 75 kwa waliopata kadi nne. Ile ilikuwa sadaka, si biashara, na Uswisi si Mbozi, kwa hiyo usichukue asilimia hizo ukazipangia mauzo yako. Cha kuchukua ni mwelekeo: kitu kidogo kinachofika pamoja na ombi hubadilisha namna ombi linavyopokelewa.

Zawadi ya ahadi ina faida moja kubwa, nayo ni kwamba unamlipia aliyenunua tu. Unaweza kuahidi kitu cha maana kwa sababu wachache ndio watakaokichukua. Katika nchi ambako barua za biashara zinaaminika, wengi hupendelea njia hii.

Huku kwetu kuna kikwazo ambacho hakipo kwenye vitabu vya masoko. Mtanzania ameshapokea ujumbe mwingi mno wa «umeshinda zawadi» na simu nyingi mno za watu wanaojifanya ni wa kampuni fulani. Mwenye duka wa Mlowo akisoma kwamba kuna chupa ya chai inamsubiri akiagiza mzigo kwa mtu asiyemjua, wazo la kwanza ni matapeli. Wala si mkorofi, amejifunza kulinda fedha yake. Kwa hiyo ahadi peke yake, kwa mtu ambaye hajawahi kununua kwako, ni dhaifu sana.

Hapo ndipo ninapoona jibu. Weka kitu kidogo ndani ya bahasha ili kuthibitisha kwamba upo, una duka, una nembo na hukuogopa kutanguliza, kisha hicho kidogo kiibebe ahadi ya kitu kikubwa baada ya oda. Kile cha bahasha kinakuwa shahidi wa kile kinachofuata.

Tuchukue hesabu ya mfano, bei ni za kukisia tu. Una majina 200. Ukimpa kila mmoja chupa ya chai ya shilingi 15,000, umetumia 3,000,000 kabla ya nauli, na wengi kati yao hawatanunua. Ukiahidi chupa bila kuweka kitu kwenye bahasha, wakajibu 10, umetumia 150,000 lakini umepata wateja 10 tu. Ukiweka kitu cha shilingi 800 kwa kila barua, hiyo ni 160,000. Wakajibu 30, chupa zao ni 450,000, jumla 610,000. Hata wakijibu 20 badala ya 30, bado unapumua. Badilisha namba uweke zako, ila usiruke hatua hii. Na pima faida ya oda yenyewe: oda ya 500,000 ikikuachia asilimia 6, ni 30,000, na chupa imekula nusu. Ndiyo sababu zawadi kubwa huwekwa kwenye oda ya kwanza tu, na kwa bidhaa zenye faida. Mbolea ya ruzuku, ambayo mpango wake ulizinduliwa hapa Mbeya kwenye Nane Nane ya mwaka 2022, bei yake ina mipaka na faida yake ni nyembamba, usiitwike zawadi. Itwike mbegu, viuatilifu, mabomba ya kupulizia.

Cha kutia kwenye bahasha

Kipimo changu cha kwanza ni uzito na unene. Karatasi moja ya A4 ya kawaida, gramu 80 kwa mita ya mraba, ina gramu 5. Barua ya karatasi mbili na bahasha haijafika mbali. Kalamu ya plastiki inaongeza kidogo tu, na uvimbe wake unamfanya mtu afungue bahasha hiyo kabla ya nyingine. Kipimo cha pili ni hiki: kitu hicho kitakaa wapi saa kumi jioni, duka likiwa na watu?

Kalamu inapita kipimo cha kwanza vizuri, cha pili nusu nusu. Itachukuliwa na muuzaji wa dukani, au na mtoto aende nayo shule. Wengi wanahesabu hiyo kuwa hasara. Mimi naona kwa muuzaji si hasara hata kidogo. Kwenye maduka mengi mwenye duka yuko shambani au kwenye biashara nyingine, na anayeona mzigo umepungua ni yule kijana wa kaunta. Namba yako ikiwa kwenye kalamu yake, ndiye atakayesema, «Mama, dawa ya viwavi imebaki mbili, tuwapigie wale wa Uyole?» Nunua tu kalamu inayoandika. Yenye wino unaokatika inaandika jina lako vibaya kila siku.

Kalenda ya ukutani ndiyo inayopendwa na wengi, na ndiyo ninayoishauri kwa tahadhari. Inakaa mwaka mzima, kweli. Lakini ingia duka lolote la Makambako mwezi Januari uhesabu: ya benki, ya SACCOS, ya parokia au usharika, ya msambazaji wa soda. Ukuta una mwisho. Halafu kalenda kubwa haiingii kwenye bahasha bila kukunjwa, na iliyokunjwa mara nne haikai vizuri ukutani. Ukiamua kalenda, ifanye ya kazi: weka alama ya miezi ya kuagiza mbegu, ya kupanda, ya kupalilia, ya kuweka mbolea ya kukuzia, ya kuvuna na ya kununua mifuko ya kuhifadhia mahindi. Kalenda ya namna hiyo mwenye duka la pembejeo ataitundika mbele, kwa kuwa na wakulima wake wanaiuliza. Na ifike kabla ya katikati ya Desemba. Baada ya hapo ukuta umeshajaa.

Stika ni rahisi kuliko vyote, lakini mtu habandiki dukani kwake jina la mtu asiyemjua. Iache kwa wateja wa zamani.

Pakiti ndogo ya mbegu za mboga ni wazo zuri kwa mwenye duka la pembejeo, maana ataipanda nyuma ya nyumba na kuona mwenyewe inavyoota. Iwe pakiti halisi iliyofungwa na kampuni, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, si mbegu ulizozigawa wewe kwenye vibahasha. Dawa za kuulia wadudu usizitume kama sampuli kabisa.

Sasa kitu ninachokiamini kuliko vyote: daftari la madeni. Kila duka la rejareja, kuanzia Kihesa hadi Tunduma, linakopesha. Mkulima anachukua mbegu Novemba na kulipa akivuna. Mwalimu anachukua bidhaa na kulipa mwisho wa mwezi. Hesabu hizo zinaandikwa kwenye daftari la shule, mistari haitoshi, majina yanafutika, na ugomvi wa «nilishalipa» hauishi. Mchapishaji wa hapa mjini anaweza kukutengenezea daftari lenye safu zilizopigwa tayari: tarehe, jina, simu, bidhaa, kiasi, alicholipa, kilichobaki, sahihi. Nembo yako na namba ya oda zinakaa ndani ya jalada na chini ya kila ukurasa, kwa herufi ndogo. Daftari hilo linafunguliwa kila siku, kaunta ile ile ambako maamuzi ya kuagiza yanafanyika, na hakuna anayelipeleka shule kwa sababu limebeba fedha zake.

Angalia ukubwa. Daftari la A5 la kurasa 96, karatasi za gramu 70, linapita gramu 100 kabla ya jalada. Ukituma 200 utaiona tofauti kwenye gharama. La A6 la kurasa 64 halifiki gramu 50 pamoja na jalada, na linaingia kwenye bahasha ya kawaida. Kwa wateja wapya tuma hilo dogo. Likijaa watakutafuta wenyewe wakitaka lingine, na hapo mazungumzo yameanzishwa na wao.

Cha kusubiri oda

Chupa ya chai inashinda kwa hali ya hewa. Juni na Julai, kuanzia Uyole hadi Njombe na Makete, chupa ya chai iko juu ya kaunta au chini yake kuanzia asubuhi. Anayekuja dukani anakaribishwa chai, na nembo yako inaonekana na mteja wa mteja wako. Chagua inayohifadhi joto kweli. Ijaribu moja usiku kucha kabla ya kununua mia.

Mwavuli ni mpinzani wake wa karibu, na Rungwe ninaupa nafasi ya kwanza. Tukuyu mvua haichagui mwezi, na mwavuli mkubwa wenye nembo unatembea sokoni, kanisani na msibani. Jambo la kutangaza kwa kitu kinachobebwa ni la zamani: mwishoni mwa karne ya 19 mchapishaji wa gazeti Jasper Meek, wa mji wa Coshocton huko Ohio, Marekani, alimshauri mwenye duka la viatu awape watoto mikoba ya shule yenye jina la duka, mji mzima ukausoma wakienda na kurudi. Mwavuli unafanya kazi hiyo hiyo. Ubaya wake ni kwamba hautakaa dukani. Ukitaka kukumbukwa na mnunuzi wako, chupa. Ukitaka mji ukuone, mwavuli. Kwa muuzaji wa jumla, chupa.

Kalkuleta kubwa ya mezani, yenye vitufe vipana na tarakimu 12, ni chaguo la heshima kwa duka la vifaa vya ujenzi au la vipuri, ambako bei zinajumlishwa mbele ya mteja. Simu inafanya hesabu pia, lakini simu inapigiwa katikati ya hesabu. Naiweka sawa na chupa ya chai, na juu yake kwa maeneo ya joto kama Kyela na Mbarali.

Fulana na kofia za kawaida, hapana. Watu wa huku wamezoea kuzipata bure nyakati za kampeni, wanazivaa shambani, na rangi zake zinaleta maswali: ukichapa kijani na njano, au nyekundu na bluu, kuna mteja atakayekuona una upande. Mzula wa sufu kwa watu wa Njombe na Makete ni jambo tofauti. Huo unavaliwa kwa sababu ya baridi. Kikombe kinavunjika njiani na dukani vipo tayari.

Chakula kina mahali pake. Kahawa ya Mbozi au majani ya chai ya Rungwe na Mufindi ni zawadi nzuri kwa mnunuzi wako wa Dar es Salaam au Dodoma. Kumtumia mtu wa Vwawa kahawa ni kupeleka mchele Kyela.

Posta, basi au mkono

Kwa shule, hospitali, SACCOS, AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), parokia na ofisi, Posta ndiyo njia sahihi. Wana S.L.P., kuna mtu wa kufuata barua, na barua inasajiliwa kwenye kitabu kabla haijapotea. Kwa maduka ya kawaida, wengi hawana sanduku lao, au wanatumia la shule jirani, na bahasha inaweza kulala huko wiki kadhaa.

Basi ni la haraka na linafika kila mji wa barabara kuu. Andika jina, namba ya simu na kilichomo, lipa, mpokeaji anapigiwa. Tatizo ni kwamba unamtuma mtu asiyekujua aache duka aende stendi kuchukua asichokiomba. Kwa zawadi ya baada ya oda basi ni sawa kabisa, na bora zaidi ikisafiri pamoja na mzigo wenyewe. Kwa barua ya kwanza, sivyo.

Barua ya kwanza kwa maduka ni ya mkono. Weka bahasha zote za mji mmoja kwenye kifurushi, kitume kwa basi kwa kijana mmoja unayemwamini pale Mafinga au Tunduma, mwenye bodaboda, azigawe kwa siku moja au mbili. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 imezipa barabara na majengo majina na namba, lakini «mkabala na mashine ya kukoboa» bado inasaidia, iandike pia. Mwambie kijana akabidhi kwa jina na asalimie: «Shikamoo mama, nimetumwa kuleta barua yako kutoka Mbeya.» Kisha apige picha ya bango la duka, mwenye duka akiridhia, ili ujue imefika. Unalipa zaidi kwa kila bahasha kuliko Posta, ila bahasha inafunguliwa siku ile ile.

Sheria, kwa ufupi

Majina na namba za simu ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwa hiyo orodha ya namba unayouziwa na mtu mtaani ni mzigo, si mtaji. Tumia majina ya wateja wako, ya waliokuachia mawasiliano kwenye banda la Nane Nane, na ya maduka uliyoyafikia mwenyewe.

Ukisema wenye oda wataingia kwenye droo ya pikipiki, umeingia kwenye eneo la Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na unahitaji kibali. Zawadi kwa kila aliyefikisha oda fulani ni salama zaidi na inaeleweka.

Mtumishi wa umma si mwenye duka. Mkuu wa shule ya serikali au ofisa manunuzi wa halmashauri akipelekewa chupa kwa sababu ametoa oda, hiyo ni njia ya TAKUKURU. Kwao tuma barua na bei, basi. Na usifunge zawadi kwenye mfuko wa plastiki wa kubebea. Ulipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019.

Barua na wakati wake

Zawadi haiwezi kuokoa barua mbovu. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili, kwa jina la mtu. Mfano:

«Mama, habari za Mafinga na habari za biashara. Sisi ni wauzaji wa jumla wa mbegu na viuatilifu, duka letu liko Uyole. Tumekuletea daftari la madeni. Ni lako, hata usiponunua kwetu. Bei zetu za msimu ziko nyuma ya barua hii. Ukiagiza mzigo wa kwanza wa shilingi 500,000 kabla ya tarehe 31 Oktoba, mzigo huo utafika na chupa ya chai ya lita mbili. Utalipa ukiuona mzigo. Ukipiga simu, taja namba iliyoandikwa juu ya barua.»

Maneno «hata usiponunua kwetu» na «utalipa ukiuona mzigo» yanafanya kazi kubwa kuliko chupa yenyewe, kwa sababu yanajibu hofu ya utapeli. Kama huwezi kuyatimiza, usiyaandike.

Ile namba ya juu ndiyo kipimo chako. Gawa orodha kwa kuruka jina moja moja, si kwa miji, kwani Tunduma ya mpakani na Tukuyu hazinunui kwa namna moja. Nusu wapate kalamu, nusu daftari, barua iwe ile ile, namba za juu ziwe tofauti. Oda zikiingia utajua kipi kimeleta nini, na mwaka unaofuata utanunua hicho.

Kwa pembejeo za mahindi, bahasha ziwe mikononi mwa watu mwishoni mwa Septemba. Mvua za huku huanza Novemba, na kufikia hapo mwenye duka ameshajua atanunua kwa nani. Daftari lichapishwe Agosti. Siku tatu baada ya bahasha kufika, piga simu, asubuhi kabla duka halijachangamka. Usianze na oda. Uliza kama safu za daftari zinamtosha au zingepangwa vingine, na uandike anachokujibu.